Jino Lililolala na Jani la Sale

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya jino moja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na pale chini kushoto penye chonge palikuwa na pengo tangu meno ya utoto yalipong'oka. Shuleni waliniita Kibogoyo, nami nikazoea kucheka na mkono mdomoni. Daktari wa meno aliyepita kwetu Mkuu alisema jino lipo, limelala ndani ya taya, nishuke Moshi nikatibiwe.

Alfajiri Mama alinisindikiza hadi barabarani, akakataa kupanda basi. Kahawa imeiva, alisema. Juu ya kapu langu la ndizi aliweka jani la sale lililofungwa fundo, lile ambalo kwetu aliyekukosea hukuletea kuomba radhi, nawe hukatai. Hakusema ni la nani.

"Usilipoteze," alisema tu.

Himo basi lilisimama kushusha marobota ya mitumba. Abiria wote walikuwa wawili wawili, au mimi ndiye niliyewaona hivyo.

Mchana nilifika Moshi, mtaa wa Shirimatunda, kwa shangazi yangu, dada wa baba. Yeye na Mama walikuwa hawasemezani tangu nikiwa mdogo, hivyo nikampa jani bila hata kuuliza. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati, akanichinjia kuku. Kwa woga wa hospitali sikumfaidi.

Asubuhi, hospitalini, daktari alielekeza picha ya taya langu dirishani. Jino lilikuwa limelala ubavu. Angelitoa, alipande wima penye pengo, na kwa kuwa mfupa wa pale ulikuwa mwembamba, angechukua kidogo kidevuni aujazie. Lingeweza kushika, lingeweza kukataa.

"Ulipokuwa mchanga," akauliza, "ulichimbwa meno ya plastiki?"

Nikasema sijui. Akanieleza kwamba mtoto akiharisha na kupata homa, watu huona ufizi umevimba, hudhani ndani kuna jino baya, ndilo waliitalo la plastiki, humpeleka likachimbuliwe. Jino la ukubwani ndipo linapopotea njia.

Siku tatu za kwanza nililala wodini, nimeshonwa, jino limefungwa waya kwa wenzake. Vitanda vingine vilizungukwa na ndugu. Nilitamani Mama awepo mpaka nikamchukia.

Siku ya nne shangazi alileta mtori, supu ya ndizi, kwenye chupa ya chai. Kinywa kilikuwa bado hakifunguki, nikamwandikia swali la daktari. Alilisoma, akaondoka bila kuaga vizuri. Kesho yake alirudi na lile jani.

"Uliugua sana," alisema. "Mama yako akakupeleka kuchimbwa. Nilimkataza, ndipo tukakosana. Hili si langu, mwanangu. Ni lako."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Himo nilifungua dirisha nilitupe lile jani, nikashindwa. Sale halitupwi.

Nyumbani Mama alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliitikia shikamoo yangu bila kuniangalia. Nililichomeka jani juu ya mlango, mahali ambapo lazima angeliona, ajue limenifikia. Alipoingia akaliona, akaketi kizingitini.

"Ulikuwa unakufa," alisema. "Ningefanya nini?"

Nilikaa karibu naye.

Nilichojifunza safari ile ni kwamba mkono unaweza kulipokea sale kabla moyo haujafika. Jino lilishika baada ya miezi kadhaa. Mimi nilichelewa zaidi.