Bendera ya Melkiori

Wakati wa Mwingereza palikuwa na klabu ya boti hapo Singida, kando ya ziwa Singidani, na mtunzaji wake alikuwa Melkiori, Mnyiramba aliyezaliwa kwenye ufuko wa ziwa Kitangiri. Boti zenyewe zililetwa kwa gari moshi kupitia Manyoni, zimeviringishiwa majani makavu kama mayai. Kila Jumapili mchana maofisa na wake zao walitweka matanga, wakavuka ziwa hadi kwenye majabali ya ng'ambo, wakanywa chai, wakarudi. Wazungu nao wana mambo! Maji yale ni chumvi tupu, upepo wa Singida hauna adabu, na chai nyumbani ipo. Lakini Melkiori hakuwacheka. Kwao Kitangiri mtu aliingia majini kwa sababu ya samaki. Hawa waliingia ili wakae pamoja tu, na yeye aliona hilo nalo ni neno.

Kazi yake kubwa ilikuwa bendera ya klabu. Boti zikitoka, anaipandisha mlingotini. Boti ya mwisho ikigusa mchanga, anaishusha. Kabla ya hapo haishuki, hata mvua inyeshe mawe. Sheria hiyo aliiweka katibu wa kwanza wa klabu, akahamishwa, na makatibu waliomfuata hawakuijali. Melkiori ndiye aliyeijali.

Nyuma ya boti hizo ulikwenda mtumbwi mmoja wa kuwaokota watakaopinduka, na mpiga kafi wake alikuwa Alute, mtoto wa kiume wa pekee wa Melkiori. Baba yake alimchongea kafi kwa desturi ya nyumba yao. Mpigaji wa kwao husimama, kwa hiyo kafi hukatwa kwa kimo cha mwenyewe, toka unyayo hadi utosi, na mtu mwingine haligusi majini. Vita vya Hitla vilipokuja Alute akaingia keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma. Kafi lake likabaki limeegemea ukuta wa chumba cha mbele, na mama yake, Klara, alilipaka mafuta lisipasuke.

Vita vilikwisha. Akarudi Leonidas, kijana wa Kinyangiri aliyekuwa na Alute katika kikosi kimoja. Alikuja na viatu vyake vya jeshi, akamwamkia mzee shikamoo, akakaa.

"Tulikuwa tunavuka mto, mzee. Boti yao ikapinduka."

"Ulimwona akizama?"

"Niliiona boti ikipinduka. Yeye sikumwona tena."

"Basi hukumwona," akasema Melkiori, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hapo ndipo taabu ya nyumba ile ilipoanza. Kwa ukoo wao, aliyefia mbali asirudi huchimbiwa kaburi hivyo hivyo bila maiti, likatiwa kitu alichokishika kwa mikono yake, ndipo kilio kifungwe. Melkiori alikataa. Na kilio kisipofungwa, nyumba hiyo haitoi bibi harusi. Hana, binti yao, alikuwa amechumbiwa na Chrispin wa Nduguti, na watu wa Nduguti walikwisha kuja, wakala, wakaondoka bila siku ya harusi. Walikuja tena. Mara ya tatu walileta ujumbe tu, kwamba watangoja hadi mavuno, baada ya hapo kijana atatafutiwa kwingine.

Simeoni, mdogo wake Melkiori, alimwendea klabuni, akamkuta anaziba boti kwa lami.

"Kaka, hakuna marefu yasiyo na ncha. Mtoto amekufa."

"Boti yake haijarudi," akajibu Melkiori. "Nikishusha bendera na mtu bado yuko majini, mimi ni baba gani?"

Simeoni alikasirika akaondoka bila kuaga. Klara hakukasirika; alilia, akasema waziwazi kwamba sasa anampoteza na Hana. Hana mwenyewe alitwanga uwele wake kimya, hata majirani walimhurumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na hapo walikuwa wazazi wawili, kila mmoja na uchungu wake, na hawakupatana.

Mavuno yalipokaribia, Jumapili moja, upepo ulizikuta boti zikiwa ng'ambo. Zikarudi zimeinama, mabibi wamelowa, kofia zimechukuliwa, na mvua ya ajabu ya nje ya msimu ikaanza kudondoka. Kila mtu alikimbilia gari lake. Katika kukimbizana huko hakuna aliyewaangalia wenzake, ila Melkiori. Boti moja ilikuwa haipo, ile ya bwana kijana wa idara ya mifugo na mke wake, wageni wa majuzi tu.

Alisukuma mtumbwi, akaita hadi sauti ikamkauka. Upepo ukamrudisha ufukoni. Akamtuma mlinzi wa klabu bomani kupeleka habari, yeye akakaa chini ya mlingoti, bendera ikipigapiga juu yake, akawaombea watu wale wawili. Hakutoka pale mpaka kulipokucha.

Asubuhi gari lilikuja. Akashuka bwana wa mifugo, amenyoa ndevu, suruali imepigwa pasi.

"Melkiori! Mlinzi wako hakunikuta jana, nilikuwa kwa rafiki. Boti tumeifunga kule majabalini. Rafiki yetu alikuwa na gari upande ule, tukaja zetu kwa barabara. Jana tumekula, tumelala. Wewe hukwenda kwako?"

"Bendera ilikuwa juu, bwana."

Bwana yule alicheka, kisha akautazama uso wa mzee, akaacha. Alitoa kofia, akasema pole, na alisema kwa moyo.

Melkiori alibaki amesimama na kamba mkononi. Usiku kucha alikuwa amewangojea majini watu waliokuwa wamelala kitandani kwao. Boti ndiyo iliyobaki. Watu walikwisha kufika, kwa njia asiyoiona yeye. Akaushika mlingoti, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ile ya Leonidas. Halafu akaishusha bendera, akaikunja vizuri, akaenda nyumbani.

Klara alikuwa anachochea moto.

"Mama Alute," akasema, "waite wazee. Mimi nilikuwa natazama boti. Mtoto amekwisha kufika kwake."

Klara aliacha kuni zikaungua mpaka nje ya mafiga.

Wazee walikuja, na Simeoni akaja wa kwanza, wala hakumkumbusha kaka yake maneno ya zamani. Kaburi lilichaguliwa kando ya la babu yake Alute. Watu wa Nduguti walileta jembe na mbuzi wa msiba, na Chrispin alisimama nyuma ya wakubwa zake, hamtazami Hana. Klara alilitoa kafi ukutani, likang'aa mafuta, akampa mumewe kwa mikono miwili.

Wachimbaji waliuliza kaburi liwe refu kiasi gani, maana hapakuwa na maiti ya kupima. Simeoni akalichukua kafi, akalilaza juu ya udongo, akachora mstari huku na huku.

"Hiki ndicho kimo chake," akasema.

Wakachimba. Walipofika kiunoni, Leonidas, aliyekuwa amesimama pembeni na viatu vyake vile vile, akamsogelea Melkiori.

"Samahani, mzee. Jeshini Alute alirefuka. Kafi hili lingemwishia hapa," akaugusa mdomo wake.

Melkiori alilitazama kafi alilolichonga kwa mikono yake, akalitazama kaburi. Kisha akavua koti, akashuka mwenyewe shimoni, akapokea jembe, akaanza kuchimba kile kipande ambacho mwanawe alikuwa amekua bila yeye kukiona.