Jina Ninaloliruka Asubuhi

Nikianika dagaa asubuhi, ndipo ninapoomba. Magoti yangu hayaitaki tena sakafu, basi Mungu ananikuta nimeinama kwenye wavu, nageuza dagaa na kutaja watu, kila mtu kwa jina lake. Shule niliishia darasa la pili na kuandika naandika kwa kujikokota, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nawakumbuka wote, hata yule mpishi aliyeunguza wali wa harusi yangu. Hapa sitaandika jina hata moja, maana watu wenyewe wapo na tunakutana sokoni. Na kuna jina moja ambalo hata nikiwa peke yangu na dagaa wangu, nikilifikia, naliruka.

Kanisani kwetu hapa Kirumba mtu akiokoka haachwi hivi hivi. Mchungaji anamwita mbele, anauchukua mkono wake, anauweka kwenye mkono wa mama aliyekomaa katika wokovu, anasema, "Mlee." Basi, tangu hapo huyo ni mwanao. Unamfundisha kuomba, unamfundisha kuishi na mume asiyeamini, unamfundisha kunyamaza. Siku ya ubatizo anashuka ziwani, wewe unasimama ukingoni na kanga kavu, na akitoka majini ni wewe unayemfunika. Kubatiza anabatiza mchungaji, lakini aliyekufunika kanga ndiye mama yako. Mimi aliyenifunika ameshazikwa zamani, na kanga ile mpaka leo naiona, nyekundu, imepauka kwenye pindo.

Huyu ninayemruka aliletwa kwangu akitokea Misungwi. Mume kamwacha, analia hata akiambiwa karibu chai. Kusoma alijua vizuri, mimi kwa kujikokota, tukagawana kazi: yeye anasoma mlango mzima wa Biblia, mimi namwambia hilo neno linakaaje kwenye nyumba yenye njaa. Mwanzoni alikuwa mtu wa kelele. Akiomba, jirani wa tatu anajua ana shida gani. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu hayuko ng'ambo ya ziwa hata umwite hivyo." Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilimwambia akifunga asinune, aoge, apake mafuta, auze nyanya zake kama siku zote. Akikwaruzana na mtu, aende kwa mtu huyo kwanza, kabla hajaenda kwa mchungaji. Akashika. Nilimwona akikua kama unavyoona gauni la mtoto linavyopanda juu ya magoti. Siku nilipomfunika kanga pale kwenye mawe, alitetemeka mikononi mwangu, akaniambia, "Mama, sina mwingine." Nami nikajua nimezaa tena uzeeni.

Halafu baba wa watoto wangu akafariki. Kanisa sikuacha, kuimba sikuacha, wagonjwa nilikwenda kuwaona. Ila ndani kitu kilikatika. Nikiomba, ilikuwa kama kuongea na chumba ambacho mwenyewe ametoka. Nilitaja majina kama kawaida, yakaishia palepale juu ya dagaa. Miezi ikapita hivyo, na sikumwambia mtu, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kwangu kuniuliza Mungu anasemaje.

Siku moja tuko jikoni kwangu na huyo mwanangu, tunamenya viazi vitamu, likanitoka.

"Mwanangu, siku hizi naomba, sisikii kitu."

"Husikii vipi, mama?"

"Sisikii. Naongea, nanyamaza, hakuna mtu."

Aliweka kisu chini, akanishika mkono, wake una utomvu wa viazi. "Hili limeishia hapa jikoni, mama."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Maneno hayo ni yangu. Alipokuwa ananiletea mambo ya ndoa yake, ndivyo nilivyokuwa namwambia, na mambo ya ndoa yake mpaka leo hayajavuka mlango wangu. Usiku ule nililala vizuri, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumatano ni ushirika wa wanawake. Mwanangu alikuwa ameshakua, kapewa kuongoza maombi, nami nilikuwa nakaa benchi la mbele kumtazama kwa fahari. Akasimama.

"Bwana asifiwe, wapendwa!"

"Amina!"

"Leo tuna mzigo. Mama yetu, mama yangu mimi aliyenilea, amepoa. Ameniambia kwa kinywa chake, akiomba hasikii kitu, haoni mtu. Mnajua adui anapiga wapi. Anapiga nguzo!"

"Yesu!" wakasema wote.

"Mama, njoo mbele."

Nilikwenda. Ningefanyaje? Nikikaa nimeasi, nikienda nimekubali. Mikono ikanijia kichwani na mabegani, mingine inanuka dagaa, mingine mafuta ya nywele. Mama mmoja akaanza kukemea roho ya ukavu, akanisukuma paji la uso nianguke, maana wengine huanguka. Mimi miguu yangu imezoea mawe ya ziwani, sikuanguka, naye akazidi kusukuma. Kilemba kikanishukia jicho moja. Kwa jicho lililobaki nikamwona mwanangu amefumba macho, machozi yanamtiririka. Machozi ya kweli. Hilo ndilo sikuweza kulimeza. Angekuwa ananidhihaki, ningejua pa kumweka.

Jumapili mchungaji akaniita pembeni. Ni kijana mpole, ananiamkia mpaka anapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, wazee wameona upumzike kidogo na malezi. Mpaka moto urudi."

"Na yule binti wa saluni?"

Alikuwepo binti anayesuka nywele kule Igogo, ameokoka karibuni, na nilishaambiwa mkono wake utawekwa kwenye wangu.

"Huyo tumempa mwanao. Si atakuwa mjukuu wako tu, mama?" Akatabasamu. Hakuwa na ubaya. Alidhani amenipa zawadi.

Mwaloni, sokoni kwetu kwa dagaa, nako wakapata la kusema. Muuza dagaa mwenzangu, tunataniana tangu tukiwa wasichana, akapaza sauti kutoka kwenye lundo lake: "Mama wa maombi! Leo mtandao umepatikana huko juu?"

"Umepatikana! Wamekuulizia wewe, wanasema dagaa wako wana mchanga."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikakaa juu ya ndoo, nikashindwa hata kuvua viatu.

Nilijiuliza kama nimekosea kuumia. Basi nikafanya nilichomfundisha yeye: nikaenda kwa mwenyewe kwanza. Nilimkuta anafua, akanipa stuli nzuri, yeye akakaa juu ya jiwe. Heshima hajawahi kupunguza.

"Mwanangu, ulisema limeishia jikoni."

"Mama, lilikuwa zito. Na wewe ndiye ulinifundisha kwamba mzigo tunabebeana."

"Nilikufundisha na kumuuliza mwenye mzigo."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

Akakamua nguo, akaitundika, akanigeukia kwa upole kabisa. "Mama, usikasirike nikikuambia. Naona una uchungu. Na huo nao tuuombee."

Nikainuka haraka. Nilijua nikikaa dakika nyingine, na hili Jumatano litasomwa. Akanisindikiza mpaka njiani, akanifungashia nyanya. Nyanya nilizila, sitadanganya. Ila kuanzia kesho yake, nikifika kwenye jina lake, ulimi ulikataa. Nililiruka kama mtu anavyoruka ngazi iliyovunjika, na mguu ukazoea.

Ukaja ubatizo. Nilikaa mbali kidogo kwenye jiwe, nimebeba mfuko, na ndani ya mfuko kanga kavu. Usiniulize niliibebea nini. Ni mazoea ya mikono. Binti wa saluni alishuka majini na misuko yake mipya, akazamishwa, akatoka anatweta. Mwanangu akamfunika kanga mpya, bado ina ukakasi wa dukani, wakapigwa picha. Binti akageuza macho akanitafuta, akanipata pale kwenye jiwe, akanitazama mpaka mwanangu akamvuta mkono waende kwenye picha nyingine. Nilirudi na kanga yangu kavu vilevile.

Siku chache baadaye nageuza dagaa, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo saluni hakuna vichwa?"

"Vipo. Nimeviacha." Akachuchumaa kando ya wavu, akaanza kuokota dagaa waliopinda na kuwanyoosha, kazi isiyo na maana yoyote. "Bibi, ni kweli walichosema? Kwamba wewe husikii?"

Nikajiambia, huyu ametumwa. Ameletwa kupima kama moto umerudi. Nilikuwa na majibu mawili mazuri ya kikanisa, yote ya uongo, yako tayari mdomoni.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu na mimi sisikii. Tangu nitoke majini. Mama mlezi kaniambia niseme nimesikia, imani itafuata. Nimesema kanisani, watu wamepiga vigelegele. Bibi, nimedanganya mbele ya kanisa zima, na sijui nimwambie nani."

Dagaa walikuwa wanakauka na mimi nimesimama tu. Kunguru mmoja akaiba wawili, sikumfukuza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mikono. Siku ile nilikuwa sijui. Sasa nilijua kabisa neno likitoka linaweza kwenda wapi.

"Ni kweli," nikasema. "Sisikii."

"Sasa unafanyaje?"

"Nataja watu. Inama huku, nikuoneshe."

Tukainama pamoja. Nikageuza dagaa na kutaja: watoto wangu, wajukuu, wagonjwa wa mtaa wetu, yule mwenzangu mwenye dagaa wa mchanga, mchungaji, na yeye binti mwenyewe. Akashtuka kusikia jina lake; hakujua kama nilikuwa namtaja tangu siku aliyookoka. Nikafika mahali pangu, nikaruka, nikaendelea. Mtoto wa saluni ana macho, amezoea kuona palipokosa nywele.

"Bibi, hapo ulinyamaza."

"Nilivuta pumzi."

"Hapana. Kuna mtu hapo."

Nikageuza dagaa wengine. Akanitazama, akaelewa ni nani, nikamwona anaelewa. Nikasubiri aseme neno. Akachukua ufagio, akafukuza kunguru.

Jumatano ile nilikwenda ushirika, nikakaa benchi la nyuma. Nilikaa kama mtu anayesubiri majibu hospitali. Mwanangu akaongoza vizuri, sauti imetulia, kama nilivyomfundisha. Akaanza kupokea maombi. Mmoja akamtaja mume, mwingine mgongo, mwingine shemeji anayelewa, na ya huyo shemeji yakaelezwa mengi kuliko Mungu aliyohitaji kujua. Halafu akamgeukia binti.

"Na wewe, binti yangu? Nimesikia unamtembelea bibi. Anaendeleaje? Lete ombi."

Vichwa vikanigeukia vyote. Binti akasimama, akashika benchi la mbele yake.

"Ombi ninalo," akasema, "ila si la kusema hapa. Na ya bibi, bibi yupo, aulizwe mwenyewe."

Wanawake wakaguna. Mwanangu akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliona haya. Hakuomba msamaha, mpaka leo hajaomba. Akasema, "Haya, tuinamishe vichwa."

Nikainamisha. Sikusikia kitu, nisiseme uongo. Lakini pembeni yangu binti alikuwa amekuja kukaa, bega lake linagusa langu, na alikuwa anataja majina kwa chini, polepole, kama nilivyomwonesha. Akafika pale ninaporuka mimi. Yeye hakuruka. Alilitaja, mara moja, wazi, akaendelea.

Nami niliitikia amina. Kwa sauti yake yeye niliweza.