Walioalikwa Shimoni

Barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa na kurasa nne, ilitaja vifungu vya sheria ya kazi, na ilishindwa na sahani ya ugali.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri ovyo, mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na mimi nilikuwa nimerudi kwetu, milimani Mbinga, na begi la ngozi lililobeba shahada ya sosholojia na mswaki. Majirani waliniita msomi. Siku za kulima waliniambia nikae kivulini, nami nikadhani ni heshima, mpaka mama aliponieleza kwamba ninaharibu ngolo za watu.

Kwetu tunalima ngolo kwa sababu tambarare hatuna. Majani yaliyofyekwa hupangwa juu ya mteremko kwa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu ya majani. Mlima mzima unakuwa vishimo vishimo, na mvua ikinyesha maji hutulia humo badala ya kulibeba shamba kwenda bondeni. Kazi hiyo mtu haifanyi peke yake. Mwenye shamba anapika ugali na pombe ya komoni, anatuma neno, na watu wanakuja na majembe yao. Hakuna anayeajiriwa. Leo umealikwa, kesho utaalika.

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa fundi wa ngolo. Alikuwa pia na mibuni mizuri, lakini soko lilipofunguliwa chama cha ushirika kilichokuwa kikituletea mbolea na dawa kwa mkopo kilianza kulegea. Wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao. Mwaka wa kwanza tuliwapenda sana. Mwaka wa tatu baba mdogo alikuwa anaitazama mibuni yake kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekauka maziwa.

Wakati huohuo, huko mtoni kupita Litumbandyosi, watu walikuwa wanachimba mawe ya rangi. Wageni walikuja kuyanunua wakiwa na vioo vidogo vya kukuzia jichoni. Mume wa shangazi yangu, yaani shemeji yake baba mdogo, alipata leseni ya kipande kimoja kando ya maji. Hakujua lolote kuhusu madini, na kwa hiyo alifanya kitu ambacho mtu yeyote wa kilima chetu angefanya. Alipika komoni, akatuma neno.

Watu wakaenda na majembe yao, baba mdogo akiwa wa kwanza. Walichimba kwa miezi mitatu, kila siku isipokuwa Jumapili. Mchana shangazi aliwaletea ugali na maharage, au usipa kama kuna mtu aliyetoka ziwani. Jiwe likipatikana, mwenye leseni aliwagawia watu kitu kidogo, kama mtu anavyowapa wageni wake cha kuondokea. Yeye mwenyewe alinunua pikapu iliyotumika. Hakuna aliyeuliza, maana mwenye shamba naye huwa havuni pamoja na waliomsaidia kulima.

Kosa lao, ambalo nadhani wasingelifanya watu wa mahali pengine, lilikuwa kuliamini shimo. Wakulima wa ngolo wanajua kwamba udongo uliochimbwa vizuri hukaa. Lakini ngolo ni ya kina cha goti. Hili lilikuwa limewapita kimo, na huko chini walikuwa wanaifuata changarawe yenye mawe kwa pembeni, wakila miguu ya ukuta bila kuweka gogo hata moja. Asubuhi moja ukuta ulishuka. Walimfukua baba mdogo kwa mikono, wakiogopa kumkata kwa majembe, wakamtoa akiwa hai na paja limevunjika karibu kabisa na nyonga.

Katika hospitali ya misheni walimlaza na kumfungia jiwe mguuni ili livute mfupa. Alilitazama jiwe hilo akasema, “Miezi mitatu natafuta jiwe, kumbe lilikuwa linanisubiri huku.” Daktari aliniita pembeni. Alisema mfupa ule unahitaji chuma, na chuma kinawekwa katika hospitali kubwa, mbali, na kwamba siku hizi mgonjwa anachangia. Bila chuma mguu utaunga vibaya, na huyu mzee hatalima tena mlimani. Wiki tatu, akasema, zikizidi hapo haina maana.

Kwa hiyo nikamwandikia afisa kazi barua yangu. Hoja yake ilikuwa rahisi: baba mdogo ni mfanyakazi aliyeumia kazini, na mwajiri wake lazima amtibu. Sikumwendea shemeji kumwomba. Nilikuwa nimesoma kwamba haki haiombwi. Nilimsomea baba mdogo kurasa zote nne kitandani, kwa sauti ya mhadhara, akawa anaitikia kwa kichwa kila nilipofika kwenye nukta. Nilidhani anakubali. Alikuwa ananivumilia.

Afisa kazi alikuja siku ya kumi na mbili kwa lori la mbao. Alikuwa mtu mzima mwenye viatu vilivyochoka, mwenye nia njema kabisa. Mimi ndiye niliyepanga saa. Nilichagua saa saba mchana, wakati wa kuona wagonjwa, ili mashahidi wote wawepo. Naikumbuka fahari yangu kwa mpango huo.

Walikuwepo kweli. Shemeji alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi. Alikuwa anakuja kila siku, na siku ya kwanza alilia mbele ya watu. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, ameshika sahani, anamkatia kaka yake matonge na kumlisha, kwa sababu kwa jinsi alivyofungwa hakuweza kuinuka.

“Shikamoo mzee,” alisema afisa, ingawa walikaribiana umri. “Pole sana.”

“Marahaba. Nimeshapoa. Karibu ugali.”

“Ahsante, nimekula. Mzee, naomba uniambie kwa maneno yako. Nani alikuajiri pale machimboni?”

Baba mdogo alitafuna, akameza. Alimtazama dada yake. “Hakuna aliyeniajiri,” alisema. “Nilialikwa.”

Nikahisi kurasa zote nne zikilowa mkononi mwangu. “Baba mdogo,” nilisema, “ulikwenda kila siku kwa miezi mitatu!”

“Nilialikwa kila siku.”

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mzee wa Tingi mwenye henia, mtu asiyejua kunyamaza. Alicheka mpaka akashika tumbo. “Msomi, andika hivyo! Andika alialikwa na shimo!”

Afisa hakucheka. Alijaribu tena, na mpaka leo namshukuru. “Nani alikuwa anakuambia uanze saa ngapi?”

“Jua.”

“Na ukikosa kwenda?”

“Natuma mtu aseme naumwa. Wewe ukialikwa mahali ukashindwa kwenda, si unatuma mtu?”

“Hukulipwa?”

“Nilikula,” alisema baba mdogo, na akafungua mdomo, na shangazi akaweka tonge.

Shemeji alikuwa anaitazama kofia yake. Nilimtaka aseme jambo, lolote. Alisema kwa sauti ndogo, “Huyu ni shemeji yangu, mheshimiwa. Ningemwajirije?” Na kibaya zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Nilimwomba afisa dakika mbili. Nilimwinamia baba mdogo sikioni, nikamwambia kwamba neno moja tu, kibarua, linatosha kumpeleka kwenye chuma. Alinijibu bila kushusha sauti. “Kibarua ni mtu aliyekosa ndugu. Unataka niseme hivyo mbele ya dada yangu, chakula chake kikiwa mdomoni?”

Shangazi aliweka sahani chini. Alipangusa vidole vyake kwa upande wa kanga, kimoja kimoja.

Nje, afisa alifunga faili akanirudishia barua. “Imeandikwa vizuri,” alisema. “Lakini sheria inataka mwajiri, kijana. Mimi humu nimemkuta shemeji tu.” Kisha akaniuliza kama najua lori la kurudi linapita saa ngapi.

Baadaye nilimwendea shemeji kwa unyenyekevu niliopaswa kuanza nao. Alinisikiliza, akanikumbusha kwamba nilimletea serikali hospitalini mbele ya wagonjwa, akasema pikapu imevunjika gia. Alileta debe la mahindi na mbuzi. Alikuwa mbuzi mkubwa, si haba. Wiki tatu zikapita.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Kihagara kule ziwani, alikuwa na historia ya kinyume. Enzi za mkoloni alivuka Ziwa Nyasa akaenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Huko aliajiriwa barabara: alipimwa kifua, akaweka dole gumba kwenye mkataba, akapewa namba. Alirudi na sanduku la bati lililojaa karatasi, na kikohozi kilichokuwa kinatuamsha alfajiri kama jogoo. Chuoni ningejenga nadharia kati ya sanduku lile na sahani ya shangazi. Sasa ninachoona ni wazee wawili niliowapenda, mmoja na karatasi zote, mwingine bila hata moja, na mimi katikati na begi la ngozi.

Na siku hizi makaa ya mawe yanachimbwa kwetu. Malori yanapita mchana kutwa, mibuni ya kando ya barabara imekuwa na rangi ya masizi. Binti wa baba mdogo anashika kibendera cha kusimamisha magari, amevaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, ana mkataba wa miezi mitatu unaorudiwa kila miezi mitatu. Nilimwuliza mwajiri wake nani. Alisema kuna wakala, na juu ya wakala kuna kampuni, na juu yake hajui. “Kwani unataka kuandika barua, kaka?” aliuliza, na wenzake wakacheka, kwa hiyo najua habari yangu imewafikia.

Mguu wa baba mdogo uliunga ukiwa mfupi kwa upana wa kiganja. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitungia jambo hilo mzaha. Alisema kwa milima ya kwetu mguu mfupi ni bahati, mradi mtu aende upande mmoja: unauweka mfupi upande wa juu, mrefu unabaki chini, unatembea wima kuliko wenye miguu sawa.

Msimu uliofuata shemeji alialika watu kulima ngolo. Baba mdogo akaenda, maana alialikwa. Nami nilikwenda. Alikatiza mteremko akiwa na fimbo, mguu mfupi upande wa juu, na kweli alitembea vizuri, akiwatania waliotangulia. Alikaa kwenye ukingo wa shamba, akapewa kibuyu cha kwanza, akawa ananisahihisha: hapo umechimba kaburi la kuku, panua, rudi nyuma. Aliambiwa asiguse jembe, na hakuligusa.

Jioni watu wakaondoka wakiimba. Tulibaki wawili. Sasa njia ilikuwa ileile, lakini mlima ulikuwa umehamia upande wa pili, na mguu mfupi ulikuwa ndio wa chini. Alipiga hatua mbili, akayumba, akasimama. Nikampa bega. Alilikataa. Aligeuka, akaupa mgongo upande wa nyumbani, mguu mfupi ukarudi juu, akaanza kurudi kinyumenyume, akipapasa kwa fimbo nyuma yake.

“Usinishike,” alisema. “Niambie tu palipo na shimo.”

Na mlima wote ule ulikuwa mashimo. Nilitembea nyuma yake, nikiyataja moja moja.