Utani Niliosahau Kuuandika

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, umeme wa mgao ulikuwa ukatwe saa sita mchana, nami nimekaa mbele ya kompyuta pale Manzese. Kilikuwa chumba cha mafunzo chenye mashine mbili tu. Mwalimu wetu, Bi Mwanahawa, Mzaramo wa Temeke, alitaka msaidizi mmoja, na siku hiyo ndiyo angemchagua kwa kuangalia programu zetu. Nikishindwa, kaka yangu alishasema narudi kwetu Unyamwezini, Tabora.

Lugha ya kompyuta aliyotufundisha ilinipagawisha! Huiamrishi mashine fanya hiki, fanya kile. Unaipa mambo ya kweli na kanuni, kisha unaiuliza, nayo inatafuta jibu yenyewe. Nilikuwa nikienda sokoni Mabibo, natunga kanuni za nyanya njia nzima: nyanya ni ya kununua ikiwa ni nyekundu na ni ngumu.

Basi nikaandika programu ya utani wa makabila, ya kujua kabila lipi lina ruhusa ya kulitania lipi. Kanuni moja, fupi, nikaiona tamu kweli: fulani ni mtani wa mwenzake ikiwa mwenzake huyo ni mtani wake. Nikauliza: Mnyamwezi ni mtani wa Mzaramo? Mashine kimya. Mwishowe ikaandika kwamba kumbukumbu imejaa. Nikarudia mara tatu, kwa ubishi tu, na saa tano na nusu ikanikuta hapo hapo.

Bi Mwanahawa akainama, akasoma, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Nyie Wanyamwezi nyie! Mashine imekuuliza wewe, ukaituma kwangu. Mie nikairudisha kwako. Itazunguka hivyo mpaka ichoke. Umeiambia wapi kwamba sie ni watani?"

"Lakini mwalimu, hilo si kila mtu analijua?"

"Kila mtu, ndiyo. Kwani hii ni mtu?"

Niliona aibu, sikufichi. Nikaongeza mstari mmoja juu ya kanuni: Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi. Nikauliza upya. Ikajibu ndiyo kabla sijaondoa kidole! Niliruka, nikamkumbatia mwalimu bila kuomba ruhusa. Umeme ulipokatika nilikuwa nimeshaambiwa nije kazini Jumatatu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifundisha, ukiomba, hata ukigombana na mwenzio, lile unalodhani kila mtu analijua, liseme kwanza. Usilionee haya kwa udogo wake.

Mungu akujibu unayoyauliza, akupe na mwalimu wa kukucheka bila kukuacha. Nami nakupenda. Najua unajua, lakini nimesema.