Manjano ya Mtoto Wangu

Kifungua mimba wangu alizaliwa msimu wa kuchuma kahawa, nyumbani kwetu karibu na Githongo. Siku ya tatu mama mkwe alimbeba hadi mlangoni penye mwanga, akamtazama kwa makini. Kisha akaniita.

"Njoo umwone macho."

Weupe wote ulikuwa umegeuka manjano. Nikambonyeza paji la uso kidogo. Hata ngozi ilikuwa manjano. Tena alikuwa mzito wa kunyonya, akilala hata nikimkuna nyayo.

"Nimeona wa rangi hii wakipona wenyewe," mama mkwe alisema, "lakini huyu amezidi. Twende Nkubu."

Hospitalini, muuguzi alimtoa damu kisiginoni. Baadaye akamvua nguo zote, akamfunga macho kwa kitambaa laini na kumlaza chini ya taa za buluu. Mimi nilikuwa nangoja sindano.

"Na dawa, sista?"

"Dawa ndiyo hiyo taa, mama." Akavuta kiti, akakaa nasi. "Damu huchakaa kama nguo, na ikichakaa huacha hii rangi. Mtu mzima, ini lake linaichukua na kuitoa kwa choo. La mtoto bado halijazoea kazi. Mwanga unaibadilisha rangi iliyo kwenye ngozi, ndiyo iweze kutoka."

"Na alipokuwa tumboni, ni nani alikuwa anaitoa?"

"Si ni wewe?"

Miezi yote ile, nikipalilia, nikiteka maji, nikilala, nilijua namlisha tu. Kumbe taka zake zilikuwa zikipita kwangu, ini langu likifanya kazi ya watu wawili, nami sina habari.

Mama mkwe aliniomba nimweleze tena kwa Kimeru. Akacheka, machozi yakimlengalenga. "Basi nilimfanyia hivyo baba yake, na hajawahi kuniambia asante!"

Tuliambiwa tumnyonyeshe mara kwa mara, kwa kuwa choo ndiyo njia. Nilimkamulia maziwa na kumnywesha kwa kijiko hadi akapata nguvu ya kuvuta mwenyewe. Nepi zikaanza kujaa choo cha kijani kibichi, na mama mkwe akawa anazifungua dirishani kwa heshima, kama mtu anayekagua mavuno.

"Inatoka," alikuwa akisema. "Tazama, inatoka."

Asubuhi moja muuguzi alimfungua kitambaa. Mtoto akapepesa, kisha akafumbua macho, meupe kabisa, akanitazama.