Kambi ya Wavivu

Huku kwetu, chini kabisa ya mkondo wa Cendrine, nyumba yoyote iliyosimama juu ya nguzo karibu na maji huitwa kambi, hata kama umezaliwa humo na humo ndimo utakamotolewa ukiwa kwenye jeneza. Neno lilitoka kwa wazee waliokuwa wakija vinamasini kipupwe kutega wanyama wa ngozi. Biashara ya ngozi ilikufa, neno halikufa. Mtu wetu akisema "naenda kambini" ana maana anakwenda kwake, akavue viatu, ale, alale. Hakuna anayelifafanua neno hilo, kwa sababu hakuna asiyelijua. Yaani hakuna huku.

Earline Verret alikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yalipomstaafisha. Mumewe Whitney alikuwa fundi wa injini za boti za kuvuta meli. Kambi yao aliijenga kwa mikono yake, mahali pa kupumzikia Jumapili, kisha kimbunga kikaisomba nyumba yao ya barabarani wakahamia kambini kwa muda. Huo muda ukawa maisha yao yote. Binti yao Nicolette alisomea kwenye meza ya jikoni humo. Whitney mwenyewe alikata roho humo, katika chumba kinachotazama maji, ameshikwa mkono na mkewe.

Juu ya mlango alikuwa ametundika kibao alichokiandika kwa rangi ya boti: KAMBI YA WAVIVU. Kila kambi huku ina kibao chake cha mzaha. Cha mdogo wake Whitney, Dudley, wa jirani, kinasema MKE AMERUHUSU, na mke mwenyewe alishaondoka zamani. Kibao cha Whitney kilichekesha kwa sababu mtu yule hakujua kukaa. Hata siku ya harusi yake alionekana uvunguni mwa gari la padri akikaza nati.

Kimbunga kingine kilipokuja, Whitney akiwa tayari kaburini, kilibeba paa lote. Earline akakopa benki ili ainue kambi juu zaidi na kuezeka upya. Benki ilimpa kwa sharti moja: kambi iwe na bima wakati wote. Bima ikikatika, benki itaweka bima yake yenyewe, ya bei ya kuua, na kumtoza yeye. Akishindwa, inachukua kambi. Alitia saini bila kusita. Alikuwa na bima tangu enzi za Whitney, na hakuona kwa nini asiendelee kuwa nayo.

Basi bima ikaanza kupanda. Ilipanda mwaka wa kwanza, ikapanda tena, na kila ikipanda Earline aliacha kitu kimoja: televisheni ya kulipia, kisha daktari wa macho, kisha nyama ya katikati ya wiki. Wakala wake wa siku zote, mzee Guidry, aliyekuwa akimletea kalenda kila Krismasi, alifunga ofisi baada ya kampuni yake kufilisika. Earline akahamishiwa kampuni nyingine ya mbali sana, isiyo na ofisi wala kalenda. Ilikuwa na simu tu.

Siku moja simu ikalia akiwa jikoni anakoroga unga na mafuta kwa ajili ya gumbo, ule mchuzi mzito wa kwetu, kazi isiyotaka uondoe mwiko hata kidogo.

"Naongea na Bi Verret?" Sauti ya binti, laini, yenye adabu. "Tunahakiki taarifa za wateja wetu. Je, sasa hivi uko kwenye nyumba yenye bima?"

"Niko kambini, mwanangu. Ningekuwa wapi tena?"

"Kambini?"

"Kambini, ndiyo. Na kama una maswali mengi uyaulize upesi, unga wangu utaungua."

"Na hapo kambini huwa unakwenda mara nyingi?"

Earline akacheka. "Nakwenda na kurudi kila siku, mpenzi wangu. Asubuhi nakwenda dukani, mchana narudi kambini. Ndiyo maisha ya mjane."

Binti naye akacheka, akamtakia siku njema. Earline akaweka simu chini akisema moyoni kwamba watoto wa siku hizi bado wamo waliofunzwa kwao.

Wiki hiyo hiyo droni ikaja. Ilining'inia juu ya ua ikilia kama nyuki aliyefungiwa chupani, ikazunguka paa, ikashuka mpaka usawa wa mlango. Earline alidhani ni ya vijana wa mafuta wanaopima mabomba. Akaipungia mkono.

Baada ya hapo ikaja barua. Bima haitaendelea. Kampuni ilimpa bima ya makazi, na imebainika kwamba jengo si makazi bali ni nyumba ya starehe ya msimu. Earline alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Kisha akapiga simu, na baada ya muziki mrefu wa kusubirishwa akapata mwanamume.

"Mimi sina nyumba nyingine duniani," alisema. "Hiyo starehe nimeifanyia wapi?"

"Tuna mazungumzo yako yaliyorekodiwa, mama. Nikusikilizishe?"

Akamsikilizisha. *Niko kambini, mwanangu. Ningekuwa wapi tena?* Alijisikia akicheka, na nyuma ya kicheko akasikia mwiko wake mwenyewe ukigonga sufuria. Uso ulimwaka kwa aibu, na aibu hiyo haikuwa hata haki yake kuibeba.

"Hiyo ni sauti yako?"

"Sauti ni yangu. Lakini hamkusikia nilichosema."

"Na picha inaonyesha kibao mlangoni, mama. Kinasema kambi." Akaongeza: "Ya wavivu."

"Aliyekiandika amefia humo humo ndani."

"Pole sana, mama. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia leo?"

Earline si mtu wa matusi, lakini siku hiyo alitukana, kwa Kifaransa cha bibi yake, na yule bwana akamshukuru kwa kupiga simu.

Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka wakachoka wao. Wakakubali kutuma mkaguzi. Hapo Earline akaanza kampeni ambayo watu wa mkondo huu wataisimulia mpaka maji yatumeze sote. Alimteremsha Whitney mlangoni, yaani kile kibao, akakificha chini ya kitanda. Kisha akapita kwa kila jirani na agizo moja: kuanzia leo, marufuku kusema kambi. Semeni nyumba.

"Nyumba?" Dudley alishangaa. "Shemeji, nyumba ziko mjini. Zina vitasa vya dhahabu na mbwa wadogo."

"Dudley, nitakuua."

"Sawa, sawa. Nyumba. Nakuja nyumbani kwako. Mama yangu, mbona nasikia kama nimekuwa mwanasheria!"

Alimfanyisha mazoezi kama mtoto wa komunyo. Kila Dudley alipoteleza alinyimwa kahawa, na alikosa kahawa karibu wiki nzima. Kanisani mtu akisema kambi wenzake walikohoa. Tulicheka sana, na Earline alicheka pia, ila usiku alikuwa halali. Alijua kwamba wanachezea kitu kimoja tu alichobakiwa nacho.

Mkaguzi akaja, kijana mnene aitwaye Trosclair, jasho likimtiririka. Alipima ngazi, akatazama dawa za shinikizo la damu juu ya jokofu, sufuria zilizokuwa nyeusi kwa miaka ya moto, alama za penseli ukutani alipokuwa akipimwa kimo Nicolette. Earline alimfuata nyuma kwa nyuma akisema "nyumba" kila baada ya maneno matatu. Ndipo Dudley akapanda ngazi na ndoo ya kaa, akasimama mlangoni amekakamaa kama askari.

"Bi Earline Verret! Nimekuja hapa... nyumbani kwako... kwenye hii nyumba yako... unamoishi!"

Mkaguzi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Mzee, tulia. Babu yangu ana kambi huko Pointe-Grise. Yumo tangu hajaoa." Akamgeukia Earline. "Nimeandika ni makazi. Kirudishe kibao chako, mama, nimeona misumari yake imebaki mlangoni."

Earline alimkumbatia na jasho lake lote. Siku hiyo kaa walichemshwa, majirani wakaitwa, Dudley akapanda kiti akagongelea kibao mahali pake huku akipiga kelele "Kambi! Kambi! Kambi!" kama mtu aliyetolewa kizibo mdomoni. Bima ikarudishwa. Bei ilikuwa juu zaidi, lakini ilirudishwa.

Haikumaliza hata kiangazi. Safari hii alipiga simu binti, huenda ni yule yule.

"Si wewe, Bi Verret. Hujakosea chochote. Kampuni imejitoa kwa wateja wote walio kusini mwa mfereji wa meli, mkondo wenu wote."

"Lakini mkaguzi wenu aliandika ni makazi."

"Ndiyo, naiona hapa. Ni makazi. Ila ni ramani, unaelewa? Wamechora mstari."

"Na huo mstari waliuchora lini?"

"Ulikuwa kwenye mipango tangu mwanzoni mwa mwaka."

Earline akaelewa. Walipokuwa wakimsikilizisha kicheko chake, walipokuwa wakimpandisha mtu ngazini ahesabu dawa zake, walishajua kwamba watamwacha. Walimfanya apigane na neno moja, ashinde, apike kaa, kisha wakafuta mkondo mzima. Laiti wangemtukana angeona nafuu.

Upo mfuko wa serikali wa watu waliokataliwa kila mahali, na bei yake ilizidi pensheni yake. Bima ya benki ilizidi hata ya mfuko. Akalipa ya mfuko kwa kula akiba ya mazishi, akijiambia kwamba asiye na pa kuishi ana haraka gani ya kuzikwa. Akiba ikaisha. Nicolette akaja kutoka mjini Houma, akalia mbele ya zile alama za penseli, akasema lile lililokuwa likimngoja mtu wa kulisema.

"Uza, Mama. Kabla benki haijachukua bure."

"Nimuuzie nani? Nani atakopeshwa anunue mahali pasipokatiwa bima?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana bei ilikuwa ya kutupa. Aliyeweza kununua ni mwenye fedha taslimu tu. Alikuja mmoja, daktari wa meno kutoka Baton Rouge, jina lake Prescott Hale, mtu mpole mwenye miwani ya jua shingoni. Hakuwa mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, simulizi ingekaa vizuri, lakini alivua viatu mlangoni na akamaliza kahawa aliyopewa.

"Kambi nzuri kabisa, Bi Earline," alisema akitazama maji. "Wavulana wangu watapenda kuvua hapa. Tutakuwa tunakuja mara tatu nne kwa mwaka."

Earline hakutaka kumtapeli mtu. "Nikuambie mapema, baba. Bima hutapata. Ndiyo iliyonitoa mimi."

"Bima ya nini?" Daktari alitabasamu kumtoa wasiwasi. "Sina mkopo, kwa hiyo hakuna wa kunilazimisha. Maji yakija yakaichukua, imechukuliwa. Si kambi tu?"

Dudley, aliyekuwa ameegemea mlango, alitazama chini. Earline aliweka kikombe mezani polepole. Alishangaa kuona kwamba hana hasira na yule mtu. Hasira yote ilikwenda mbali, kwenye meza asiyoijua, kwa watu waliosema tangu mwanzo kwamba hapa ni mahali pa starehe ya msimu, na ambao sasa maneno yao yalikuwa yametimia.

"Na kile kibao kinabaki?" daktari aliuliza akiwa anavaa viatu. "Mke wangu amekiona kwenye picha, amekipenda kuliko nyumba yenyewe."

"Dudley," Earline akasema, "niletee nyundo."

Alipanda kiti mwenyewe, kwa magoti yale yale, hakukubali kushikwa. Akang'oa misumari mmoja mmoja. Msumari wa mwisho ulitoka na kipande cha ubao wa mlango, na hakuomba radhi.

"Kambi nimekuuzia," alimwambia daktari. "Hiki hapana."

Sasa anaishi Houma, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo milango yote ina rangi moja na kanuni zinakataza kutundika kitu chochote nje. Kibao kiko nyuma ya kochi, uso umegeukia ukuta. Kodi yake inajumuisha bima, meneja alimwambia, kama habari njema.

Jumapili ya kwanza Dudley alipiga simu. Alikuwa amenunua soseji za wali, alitaka kujua kama amletee, na alikuwa akiongea kwa uangalifu, kama mtu anayepita juu ya ubao wenye utelezi.

"Shemeji," alisema. "Upo nyumbani?"

Akalitamka vizuri, bila kukwama, neno alilonyimwa kahawa wiki nzima kwa sababu yake. Earline akatazama milango ya makabati meupe, zulia, dirisha linalotazama maegesho ya magari.

"Hapana, Dudley," akasema. "Nipo Houma."