Nani Aliandika Moja Kwenye Karata ya Mfagiaji?

Karata dhaifu kuliko zote mezani ilimvua meneja wetu miwani, mchana kweupe, mbele ya watu thelathini na mmoja.

Sitanii. Nilikuwepo. Na mnaonijua mnajua: mimi sisahau kitu.

Siku aliyotunyima glavu ilikuwa Jumanne, na soksi zake zilikuwa rangi mbili tofauti. Ukinikosea leo, wajukuu zako watanikuta bado nalikumbuka.

Kazini wananiita Kipaza. Shule niliiacha mapema. Mengine nimejisomea kwenye karatasi zilizoharibika, maana nafanya kazi kiwanda cha uchapaji. Ndiyo maana vitabu vingi nilivyosoma sijui vinaishaje.

Saa ya chakula tulikuwa tunacheza mchezo wa karata tuliobuni wenyewe. Tulizikata kutoka mabaki ya kadi za harusi. Ukigeuza karata unakuta "mnakaribishwa nyote" kwa rangi ya dhahabu.

Mchezo ni hivi. Unaanza na rundo lako la karata kumi. Saba ni Vibarua, kila mmoja ana nguvu moja. Tatu ni Karatasi Mbovu, hazina kitu, zinajaza mkono tu.

Kila zamu unavuta tano. Kwa nguvu ulizopata unanunua karata nzuri mezani, nayo inaingia kwenye rundo lako. Rundo likiisha, unachanganya, unaanza tena.

Anayewahi kununua Oda Kubwa tatu, kila moja kwa nguvu nane, ndiye bingwa. Oda haziingii kwenye rundo, unaziweka pembeni.

Kulikuwa na Mashine, nguvu tatu. Kulikuwa na Mkurugenzi, nguvu nne.

Na kulikuwa na Mfagiaji. Nguvu yake, sifuri. Akikujia mkononi, ukitaka, anakutolea karata yako moja nje ya mchezo, isirudi tena. Bei yake imeandikwa kwa wino mwekundu: 1.

Hakuna aliyemnunua hata siku moja. Mmoja wao tulimkunja tukamweka chini ya mguu wa meza ili isiyumbe.

Sasa sikilizeni.

Jumatano moja meneja alibandika tangazo ukutani. Kazi imepungua, mtu mmoja ataondoka Ijumaa.

Mtu mwenyewe: Shangazi.

Shangazi ndiye mfagiaji wetu. Hana undugu na yeyote pale, ila miaka kumi na minane tunamwita hivyo, na mkono wake ukikukuta umelala kazini unajua kweli huyu ni shangazi.

Nikawaka. Nilipanda juu ya bunda la karatasi.

"Mnamwonea! Mwaka ule wa mafuriko nani alikausha ghala? Mimi nakumbuka!"

"Kipaza, shuka, hizo karatasi za mteja," meneja akasema. Akatutazama mezani, akacheka. Akainama, akachomoa karata chini ya mguu wa meza, akaikunjua.

"Bei moja," akasema. "Hii si nyie wenyewe mmeandika? Haileti nguvu, haileti oda. Mmempima wenyewe, mimi nimefuata tu."

Hata fundi wa kukata karatasi, ambaye hula kwa kelele, aliacha kutafuna.

"Aliyeandika hivyo ni msaliti!" nikapiga kelele. "Nitamtafuta!"

Ndipo tukasikia ufagio ukiegemezwa ukutani.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia meneja, "wewe si ndiye bingwa wa huu mchezo?"

Alikuwa bingwa kweli. Tulikuwa tunamwachia. Mtu anayesaini likizo yako humfungi mara mbili.

"Basi tucheze. Nikikufunga, unabandua karatasi yako. Ukinifunga, naondoka leo, sisubiri Ijumaa."

"Shangazi, acha!" nikamwambia. "Hujawahi kushika karata!"

"Mwaka mzima nafagia chini ya hii meza. Unadhani masikio naachaga nyumbani?"

Meneja akavuta kiti. Fundi akaandika masharti chini ya tangazo lenyewe, akamsainisha.

Zamu ya kwanza, meneja ana nguvu nne: akanunua Mashine. Shangazi naye ana nne. Akanunua Mfagiaji, nguvu zilizobaki akaziacha zipotee.

"Uuuwi," fundi akanong'ona.

Zamu ya pili, Mfagiaji mwingine.

Meneja alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mama, hao wawili watakusaidia kubeba mizigo yako."

Akanunua Mashine nyingine. Akanunua Wakurugenzi wawili. Rundo lake likavimba. Akapata Oda Kubwa ya kwanza, baadaye ya pili. Shangazi hana hata moja. Kila zamu anatoa takataka: Karatasi Mbovu nje. Kibarua nje. Nguvu akizipata anaingiza Mashine taratibu, moja, mbili, tatu.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba ya kumuaga.

Kisha mambo yakageuka. Meneja akavuta karata tano: Karatasi Mbovu tatu na Vibarua wawili. Nguvu mbili. Wakurugenzi wake wako wapi? Chini ya rundo, wamelala kama kawaida yao.

Shangazi akamtumia Mfagiaji mmoja kumtoa mwenzake. Rundo lake lote likabaki karata tano: Mashine tatu, Kibarua mmoja, Mfagiaji mmoja.

Tano tu. Na kila zamu unavuta ngapi? Tano!

Nguvu kumi. Oda Kubwa.

Meneja akavuta: nguvu sita. Hazitoshi.

Shangazi: kumi tena. Oda ya pili.

Meneja akavuta: tano. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa, akahesabu upya. Tano.

Shangazi hakuhesabu hata. Akachukua Oda ya tatu, akasimama kufuata ufagio wake.

"Umefanyaje?" meneja akauliza.

"Nyie mnahesabu kinachoingia. Mimi miaka yote nahesabu kinachotoka. Mashine zenu zinazunguka kwa sababu kuna vitu nimeviondoa, na mtu haoni kitu ambacho hakipo."

Meneja alibandua tangazo kwa mkono wake. Tulipiga makofi, mabati yakaitikia.

Nami nikapanda tena juu ya bunda. Nikazungumzia thamani ya mnyonge. Nikazungumzia glavu. Mwisho nikanyoosha kidole: "Sasa ajitokeze aliyemwandikia Shangazi moja!"

Hakuna aliyejitokeza. Wote waliniangalia mimi.

Shangazi akanipa ile karata. Kisha akachomoa kalamu kwenye mfuko wangu wa shati, ile ninayoandikia malalamiko yetu kila mwezi, akaiweka juu yake.

Wino mwekundu.

Kiwanda kizima mwenye kalamu nyekundu ni mmoja.

"Uliandika mbele yangu," akasema. "Nilikuwa nafagia miguuni pako. Uliniambia, 'Shangazi, inua kidogo huo ufagio, napanga bei.'"

Naapa sikukumbuka. Soksi za meneja nakumbuka. Hili, wapi!

"Mbona hukusema mwaka mzima?"

"Ningesema saa ngapi, baba? Wewe huachi kuongea."

Nilishuka kwenye bunda polepole, fundi akinishika mkono kama bibi harusi.

Siku hizi bei ya Mfagiaji ni tano. Ameiandika Shangazi mwenyewe, kwa kalamu yangu, na kalamu hajanirudishia.

Ndugu yangu unayesoma, mwenye hasira kama mimi: kabla hujauliza nani kamshusha mnyonge, kagua mfuko wako wa shati.